Ngoma ya Kibindoni: Kumtungia Mzee Mlio na Mtetemo wa Simu ya Tochi

Simu ya tochi bado ina wenyewe katika mwambao wa Tanga. Ingia mnada wa samaki wa Deep Sea asubuhi, panda kivuko cha Pangani uvuke kwenda Bweni, au pita mabarazani Ngamiani baada ya alasiri, utaiona kwa manahodha, kwa mama wauza dagaa, kwa wazee waliokaa na kahawa yao. Wanaing'ang'ania kwa sababu nzuri. Chaji hukaa siku kadhaa, mtandao wa 2G unaipokea hata pale intaneti inapokatakata, na ikidondoka ndani ya mtumbwi huokotwa, ikafutwa, kazi ikaendelea. Kasoro yake kubwa ni kwamba haisikiki pale inapotakiwa kusikika. Mtoto yuko Dar es Salaam anapiga, anarudia, anapiga tena. Mama yuko sokoni, simu imo kwenye fundo la kanga, kushoto wananadi samaki, kulia pikipiki inapiga honi. Jioni ndipo anapoona kwamba alitafutwa, na pengine lililotafutiwa limeshapita.

Wengi wetu hukimbilia kuongeza sauti. Wajukuu wanamwekea bibi wimbo wenye kishindo, wanapandisha hadi mwisho, wanaridhika. Ushauri wangu ni kuanza upande wa pili, yaani kwenye mtetemo. Mlio hushindana na upepo, na injini, na maneno ya watu. Mtetemo hupita kwenye ngozi, kwa hiyo hauna mshindani wa aina hiyo. Na kama ukipangwa vizuri unaweza kubeba habari, kama ngoma zetu zilivyobeba: aliyekulia Pangani au Muheza hakuhitaji kufika uwanjani ili ajue kinachochezwa, mapigo ya mwanzo yalimtosha kujua kama ni harusi, unyago au mambo mengine. Simu ya bibi inaweza kumwambia vivyo hivyo, kabla hajaigusa, kwamba huyu ni mwanangu na yule ni mtu wa duka la dawa.

Kwanza ujue unachokipigia. Ndani ya simu mna mota ndogo sana, na kwenye mhimili wake pamefungwa kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja. Mota ikizunguka, uzito ule unayumba na simu nzima inatetemeka. Mizunguko ni ya kasi, kwa kawaida kati ya mara 150 na 200 na zaidi kwa sekunde, na hiyo inakaribia sana mahali ambapo ngozi ya binadamu huhisi vyema, maana vihisio vya ndani ya ngozi huamka zaidi mtetemo unapofika mara 250 hivi kwa sekunde. Lakini mota haifikii kasi hiyo papo hapo. Huchukua sehemu ya sekunde kupanda, na sehemu nyingine kutulia. Ndiyo maana pigo fupi mno halihisiwi kabisa: umeme umeshakatwa kabla chuma hakijachanganya. Pigo lolote unalotaka lihisiwe lisipungue robo ya sekunde, na pigo la kwanza kabisa lifike nusu sekunde. La kwanza lina kazi mbili, kuiamsha mota na kumwamsha mtu.

Vipindi vya ukimya vina uzito uleule, na hapa ndipo watengenezaji wengi walipokosea kwa kutupa mtetemo mmoja mrefu usiokatika. Fikiria nahodha aliyeketi kwenye boti ya mashine akitoka Kipumbwi. Mbao zote zinatetemeka, mwili wake umeshazoea, na mtetemo mrefu wa simu unamezwa na ule wa injini. Kinachomshtua ni mkatiko: pigo, kimya, pigo, pigo, kimya kirefu. Kimya kirefu cha mwisho, cha sekunde nzima hivi, ndicho kinachofanya duru inayofuata ionekane mpya badala ya kuwa mwendelezo wa kelele.

Mahali pa kuweka simu pasipokuwa sawa, kazi yote hii ni bure. Mfuko wa pembeni wa kanzu ni mbaya kupita yote, kwa sababu unaning'inia mbali na mwili, simu inatetemekea hewani. Fundo la kanga kiunoni na kibindo cha msuli ni pazuri kwa kuwa nguo inaibana simu kwenye ngozi. Kwenye boti, mfuko wa shati kifuani unashinda mfuko wa suruali, maana paja limekaa juu ya ubao na ubao umekaa juu ya injini. Na kama simu imefungwa kwenye nailoni dhidi ya maji ya chumvi, ifungwe kwa kubanwa. Mfuko uliojaa hewa unakula mtetemo.

Sasa tutunge. Anza na watu watatu tu. Najua bibi ana watoto saba na wajukuu wasiohesabika, lakini mwili haukariri mapigo mengi, na ukimpa ya watu wanane atakuwa hana hata moja. Chagua yule ambaye simu yake haipaswi kukosa kupokelewa, kisha kundi la familia, kisha watu wengine wote. Mapigo yatofautiane tangu mwanzo. Sisi ni watu wa kubipu: simu inaita mara moja na kukatwa, na aliyebipu anategemea ajulikane. Kama tofauti kati ya mtu na mtu inakuja kwenye pigo la tano, haitafikiwa kamwe. Kwa hiyo wa kwanza apewe, tuseme, pigo refu likifuatwa na mawili mafupi. Kundi la familia lipewe mafupi mawili na refu. Wengine wote wabaki na mtetemo wa kawaida wa simu, ule wa kiwandani, ili mzee ajue kwamba mtetemo wa kizembe maana yake ni mtu asiye wa haraka.

Yapige kwanza kwa kiganja mezani. Mpigie mzee mwenyewe kwenye mgongo wa mkono wake, umuulize kama anatambua. Wazee wetu wa mwambao wana masikio ya ngoma, na mara nyingi atakurekebisha, atakwambia hapo vuta kidogo. Msikilize, maana pigo alilolirekebisha mwenyewe hatalisahau.

Kuyaingiza kwenye simu kunategemea simu yenyewe, na hapa sharti niwe mkweli kuhusu kinachowezekana na kisichowezekana.

Nokia za zamani kama 3310, iliyotoka mwaka 2000, zina sehemu ya kutungia milio kwa vitufe. Namba 1 hadi 7 ni do hadi si. Kitufe cha 8 hufupisha noti, cha 9 huirefusha, 0 huweka kimya, nyota hubadili oktavu, na alama ya reli hupandisha noti nusu hatua. Kwa pigo letu refu-fupi-fupi bonyeza 5 na uirefushe, weka kimya, kisha 1 fupi, kimya, 1 fupi, kimya kirefu. Mlio utakuwa wako kabisa. Mtetemo wa simu hizo, hata hivyo, haupangiki. Unauwasha au unauzima, na mpangilio wake ni wa kiwanda. Kwa simu za namna hii acha mlio ubebe jina la mtu, mtetemo ubaki wa kuamsha tu.

Simu zinazostahili kutafutwa ni zile zinazosoma faili za iMelody, zenye jina linaloishia na .imy. Sony Ericsson, Siemens na Motorola nyingi za miaka ya 2000 zilizisoma, na baadhi ya simu za vitufe za Kichina zinazouzwa mpaka leo nazo zinazisoma. Uzuri wa faili hii ni kwamba ni maandishi matupu. Waweza kuiandika kwenye kompyuta yoyote, au kwenye simu kubwa yenye programu ya kuandikia, na ndani yake unaweza kuamuru mota iwake na izime pale upendapo. Pigo letu likiandikwa lote linakuwa hivi:

BEGIN:IMELODY
VERSION:1.2
FORMAT:CLASS1.0
NAME:Mwanangu
BEAT:120
STYLE:S0
MELODY:(vibeong2vibeoffr3vibeonc3vibeoffr3vibeonc3vibeoffr1@0)
END:IMELODY

Mstari wa MELODY ndio ngoma yenyewe. Neno vibeon huiwasha mota, vibeoff huizima. Herufi ndogo g na c ni noti, r ni kimya. Tarakimu inayofuata ni urefu: 0 ni noti nzima, 1 nusu yake, 2 robo, 3 thumuni, na 4 nusu ya thumuni. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, 2 ni nusu sekunde, 3 ni robo ya sekunde, na 1 ni sekunde moja kamili. Mabano na @0 mwishoni maana yake irudiwe bila kikomo. Duru nzima inachukua sekunde mbili na nusu. Usiache nafasi kati ya herufi, wala usiandike noti kwa herufi kubwa. Ukitaka mtetemo bila sauti yoyote, weka r mahali pa g na c. Na kwa mzee ambaye masikio yamekwisha kabisa, maneno ledon na ledoff huwasha na kuzima taa ya simu kwa mapigo yaleyale, pale simu inapokuwa na taa ya namna hiyo.

Simu nyingine zitaicheza sauti na kupuuza amri za mtetemo. Hakuna njia ya kujua ila kujaribu, na jaribio halina gharama: faili ni ndogo kuliko ujumbe mrefu wa maneno, inapita kwa Bluetooth au kwa memori kadi.

Kundi la tatu ni simu za mguso za zamani, zile za mtumba zinazotoka Dubai na Maskati mikononi mwa jamaa. Usizidharau kwa kazi hii. iPhone tangu mfumo wa iOS 5 wa mwaka 2011 humruhusu mtu kugonga mtetemo wake kwa kidole kwenye kioo, simu ikaukariri, kisha akaukabidhi kwa jina la mtu mmoja. Samsung Galaxy S3 ya mwaka 2012 nayo ilikuwa na njia ya kujitengenezea mtetemo. Huko huhitaji faili wala fundi: mzee anaweza kuigonga ngoma yake mwenyewe.

Linabaki kundi lililo kubwa kuliko yote, vitochi vya siku hizi vyenye memori kadi vinavyocheza MP3. Katika vingi, mtetemo ni mmoja kwa wapigaji wote. Usihangaike nao. Nenda kwenye mipangilio ya hali za simu, tafuta aina ya wito, uchague mtetemo kwanza kisha mlio badala ya vyote kwa pamoja. Hapo ngozi inapewa zamu yake kabla sauti haijaingia. Kisha weka akili yako yote kwenye mlio.

Na milio mingi huharibiwa hapo, vibandani, pale kijana anapojaza nyimbo kwenye kadi. Wimbo mzima unaingizwa ulivyo. Spika ya kitochi ina upana wa kucha, haiwezi kutoa besi. Besi yote uliyoipenda redioni inageuka mkwaruzo unaofunika hata kile ambacho spika ingeweza kukitoa. Mwambie kijana aufungue wimbo kwenye programu kama Audacity, ambayo ni ya bure, akate kipande cha sekunde 25 hivi, aondoe kila kilicho chini ya hezi 300, aunganishe njia mbili za sauti kuwa moja, kisha ndipo apandishe sauti. Mlio utatoka mkubwa kuliko ulivyotarajia, bila kukwaruza.

Chagua kipande kwa kufuata umri wa sikio. Uzee huondoa sauti za juu kwanza. Kengele nyembamba, filimbi na zile sauti za ndege ambazo watengenezaji wanazipenda ndizo mzee asizozisikia. Mtafutie sauti za katikati, kati ya hezi 500 na 1,500 hivi: sauti ya mwanamke anayeimba kwa nguvu, gitaa, marimba. Kwa sababu hiyo naipenda taarab ya Tanga kwa kazi hii kuliko muziki mwingine wowote. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipoleta magitaa kwenye taarab vilitupa noti zilizokatika wazi, na noti iliyokatika hupenya kwenye upepo wa kusi pale fidla ndefu inapopotelea. Kwa mzee aliyekua na sauti ya Shakila, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Pangani, kumwekea sauti hiyo ni heshima pia. Ila usianze mwanzo wa wimbo! Taarab ina utangulizi mrefu wa vyombo, na simu itaacha kuita kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Anza pale pale anapoingia.

Kama una muda, usichukue wimbo wa mtu hata mmoja. Rekodi ngoma ya jirani, au bibi mwenyewe akipiga vigelegele, au mjukuu akiita "Bibi, pokea!" kwa sauti ya juu. Sauti ya mtoto inayomwita mtu kwa jina huvuta sikio kuliko muziki, na hakuna wa kudai hakimiliki.

Kuna jambo linalowakwamisha watu wengi wanapotaka kumpa kila mtu mlio wake. Katika simu nyingi, jina lililohifadhiwa kwenye laini halibebi mlio. Linabeba jina na namba, basi. Lihamishe liwe kwenye kumbukumbu ya simu, ndipo utaona nafasi ya kuchagua mlio au kuliingiza kwenye kundi la wapigaji lenye mlio wake. Na mlio ukiwa kwenye memori kadi, kadi ikitolewa simu inarudi kwenye mlio wa kiwandani bila kukuambia. Kwa hiyo mlio wa yule mtu mmoja muhimu uweke ndani ya simu yenyewe kama nafasi ipo.

Ukimaliza, jaribu bila kumwonya. Mzee awe kwenye shughuli zake, kiunoni simu, wewe uwe chumba kingine. Piga kwa namba ya mwanawe, kata baada ya mwito mmoja. Muulize ni nani aliyepiga. Kesho yake rudia kwa namba nyingine. Akichanganya, usimlaumu, mapigo yanafanana, yatenganishe zaidi. Mpeleke na sokoni pia, maana sebuleni kila mlio unasikika.

Mtu atakwambia mtetemo unamaliza chaji. Tufanye hesabu. Mota hizi hutumia kama miliampea 60 hadi 100 zinapozunguka. Betri ya BL-5C, ile inayoingia kwenye Nokia 1100 na vitochi vingi vya Kichina, ina miliampea-saa 1,020. Simu ikitetemeka nusu dakika nzima bila kukatika haitumii hata miliampea-saa moja. Kinachoimaliza betri kwa wavuvi ni simu kuutafuta mtandao mbali na pwani kutwa nzima.

Mota ikiwa kimya kabisa, shuku chumvi kwanza. Hewa ya bahari huotesha kutu kwenye visahani viwili vidogo ambapo mota inagusana na bodi. Fundi akifungua, akavisugua kwa spiriti na brashi, mara nyingi inafufuka. Isipofufuka, spea yake ni ya bei ndogo na hupatikana kwenye simu mbovu yoyote. Kabla ya kutumia hata shilingi kwenye simu ya mtumba, lakini, bonyeza *#06# na hakikisha namba ya utambulisho yenye tarakimu 15 inatokea na inalingana na iliyo chini ya betri. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizizima simu bandia nchi nzima, na hutaki kumtungia mzee ngoma kwenye simu isiyo na uhai.

Usiku una mambo yake. Simu iliyowekwa kwenye godoro haitetemeshi chochote, sufi inainyonya. Iweke kwenye sinia la bati juu ya kiti karibu na kichwa, na mtetemo uleule utaamsha nyumba. Nyumba yenye mja mzito aliyekaribia au mgonjwa wa kuangaliwa inapaswa kulala hivyo. Msikitini ni kinyume chake: mtetemo pia uzimwe, maana kwenye safu iliyobanana unamfikia jirani aliyesujudu.

Kwa asiyesikia kabisa, fanya mpango na wapigaji. Kumpigia kuwe ishara tu, na maneno yafuate kwa ujumbe. Pigo refu-fupi-fupi lina maana ya "soma ujumbe sasa hivi", na kila mwenye namba yake aambiwe hivyo ili asikate tamaa kwa kutopokelewa. Mlio wa ujumbe nao upewe mtetemo kama simu inakubali, maana vitochi vingi huja na mtetemo huo ukiwa umezimwa.

Mwisho, faili zako za .imy na vipande vya MP3 vihifadhi mahali pawili, kwenye simu yako na kwa mtu mwingine wa nyumbani, na uandike kwenye karatasi pigo la nani ni lipi. Simu ya mzee itaflashiwa siku moja, au itaingia baharini, atanunuliwa nyingine. Usimtungie upya. Mrudishie mapigo yaleyale aliyoyazoea, hata kama simu mpya inaweza mengi zaidi.